Usiidharau Tairodi ya Gari Lako

Ukisimama asubuhi na mapema mjini Isiolo utaona motokaa za kila namna zikijiandaa kwa safari. Kuna Land Cruiser za miraa, malori ya ng'ombe, Probox za abiria waendao Meru na Nanyuki, na hapa na pale Land Rover kuukuu ambazo wenyewe wangali wanazithamini kuliko gari jipya. Wengi wenu mnaosoma gazeti hili ni wafugaji na wakulima, na gari la kikundi au la jamaa ndilo linalowachukulia mbuzi, maziwa ya ngamia, vitunguu na dawa za mifugo. Mwajua kutazama maji na mafuta. Mwajua kupiga mpira teke ili kuona kama una pumzi. Lakini ni wachache sana waliowahi kulala chali chini ya gari na kutazama chuma kimoja kirefu, chembamba, kinachopita toka upande wa gurudumu la mbele la kushoto hadi upande wa gurudumu la kulia. Chuma hicho mafundi wetu hukiita tairodi, na habari zake ndizo nitakazowaeleza mwezi huu.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si fundi. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, na ndiyo maana watu wa hapa bado huniita Mwalimu. Kazi ya tairodi nilijifunza kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo yafaa niisimulie kwanza.

Siku moja ya mnada nilipanda Land Rover ya kikundi kimoja cha akina mama, tukitoka Merti kuja Isiolo. Nyuma walikuwamo mbuzi 23, na juu yao, kwenye vyuma, walikaa watu sita. Asubuhi kabla ya kuondoka niliinama kuokota kalamu yangu iliyoanguka karibu na gurudumu, nikaona jambo lililonishangaza. Kwenye nati ya tairodi, mahali panapostahili pini ya chuma yenye miguu miwili iliyokunjwa, palikuwa na msumari uliopindwa. Nikamwuliza dereva. Akacheka, akasema, "Mwalimu, hicho kichwa kimebadilishwa jana tu, ni kipya kabisa. Pini zilikuwa zimekwisha dukani." Sikuridhika. Lakini soko lilikuwa likingoja, watu walikuwa wamekwisha kupanda, na mimi ni karani tu. Nikanyamaza, nikapanda mbele.

Njia ya Merti waijua: mawe, mchanga, na mabonde makavu tuyaitayo laga. Kabla ya kufika daraja la Gotu tulishuka katika laga moja, na dereva alikuwa amepunguza mwendo kwa ajili ya mchanga. Hilo ndilo lililotuokoa. Tulisikia mlio kama wa sufuria iliyoanguka juu ya jiwe, kisha gurudumu la kulia likaelekea kulia na la kushoto likaelekea kushoto, gari likajichimbia ubavu katika ukingo, na watu wa juu wakamwagika. Msumari ulikuwa umekatika, nati ikajifungua yenyewe kidogo kidogo, na kichwa cha tairodi, kipya kabisa kama alivyosema dereva, kilikuwa kinaning'inia. Mama mmoja alivunjika mkono. Mbuzi wanne walivunjika miguu wakachinjwa papo hapo, na wawili kati yao walikuwa wa mama yule yule, amewaleta kwa karo ya mtoto wake wa kidato cha pili. Hakunilaumu, kwa kuwa hakujua kwamba nilikuwa nimeuona ule msumari.

Baada ya hapo nilikwenda kwa fundi mmoja mzee mtaani Bula Pesa, nikamwomba anifundishe. Siku za Jumamosi alinilaza chini ya magari yake mpaka nikaelewa. Ninayoyaandika hapa ni mafunzo yake, pamoja na yale niliyoyasoma mwenyewe katika vitabu vya magari.

Kwanza fahamu kazi ya chuma hiki. Mkokoteni wa ng'ombe wenye magurudumu manne hugeuza ekseli nzima ya mbele, kwa kuwa ekseli na magurudumu yake hushikana katika mhimili mmoja wa katikati. Motokaa sivyo. Ekseli yake hukaa palepale, na kila gurudumu hugeuka peke yake kwenye ncha yake. Fikira hiyo ni ya zamani kuliko motokaa yenyewe. Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi huko Munich, Ujerumani, ndiye aliyeibuni, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann aliiandikisha London kwa niaba yake. Sasa, ikiwa kila gurudumu lageuka peke yake, lazima kiwepo kitu cha kuyafunga mawili hayo yatii amri moja. Kitu hicho ni tairodi. Kwenye Land Rover na Land Cruiser za ekseli nzima, usukani husukuma gurudumu moja kwa chuma chake, na tairodi hulipelekea amri hiyo gurudumu la pili. Ikitoka, gurudumu hilo la pili halina bwana.

Kila mwisho wa tairodi una kichwa, na ukifika dukani ukitaja tairodi endi utaeleweka. Ndani ya kichwa mna kidonge cha chuma kilichokaa ndani ya kikombe chenye grisi, kama mfupa wa paja unavyokaa ndani ya nyonga ya mbuzi, nacho huzunguka huko na huko gari linapopanda na kushuka. Kutoka kwenye kidonge hutoka mguu mmoja, mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, unaoingia katika tundu la namna hiyo hiyo kwenye mkono wa gurudumu, ukavutwa na nati. Juu ya kikombe kuna kofia ya mpira. Kofia ikipasuka, mchanga wetu huingia, maji ya laga huingia, na grisi hugeuka kuwa msasa. Basi kila upitapo hapo na kitambaa, ifute kofia hiyo uitazame. Iliyopasuka ni onyo la miezi, na onyo hilo halikugharimu chochote.

Utajuaje kama kichwa kimekwisha? Gari litakuambia kwa njia mbili tatu. Usukani utakuwa na uhuru, yaani unaugeuza kidogo na magurudumu hayaitikii. Barabarani gari litatangatanga kama ng'ombe aliyekunywa busaa, na utakuwa ukilirudisha kila mara. Utasikia mgongano mdogo ukipita juu ya mawe. Mimi naona kwamba lami imetuzidishia hatari hii. Zamani, kabla ya lami kufika Moyale katika miaka ya 2010, gari bovu lilikwenda polepole kwa sababu njia yenyewe ilikuwa mbaya. Siku hizi gari lile lile, lililochoshwa na njia za changarawe wiki nzima, laingia kwenye lami ya Archer's Post na dereva alipeleka mbio kama jipya.

Kupima ni kazi ya watu wawili. Zima injini, gari likiwa chini kwa magurudumu yake yote. Mwenzako autikise usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, nawe ulale chini ushike kila kichwa kwa kiganja, ukihakikisha kwamba vidole haviko mahali pa kubanwa. Kichwa kizima hutembea pamoja na mkono wake kama kitu kimoja. Kilichokwisha utakisikia kikigonga ndani ya kiganja chako. Kisha inua gurudumu kwa jeki, ulishike ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia, ulisukume na kulivuta. Halafu ulishike juu na chini, ufanye vivyo hivyo. Likicheza kwa ubavu tu, shaka iko kwenye tairodi. Likicheza juu na chini pia, tazama beringi za gurudumu au pini ambazo gurudumu hugeukia, usije ukatupa tairodi isiyo na kosa.

Mpira nao ni shahidi mwema. Pitisha kiganja juu ya uso wake, toka nje kuelekea ndani, kisha toka ndani kuelekea nje. Ukiwa laini upande mmoja na wenye makali kama msumeno upande wa pili, magurudumu yako hayatazami mbele sawasawa. Makali yakikukwaruza unapotoka ndani kwenda nje, magurudumu yamekaribiana mno kwa mbele. Yakikukwaruza unapotoka nje kuingia ndani, yameachana mno.

Huenda ukasema, milimita chache zina madhara gani? Chukua kalamu tufanye hesabu. Mpira wa Land Rover ya ngamizi, ule wa inchi 16, una upana wa kama sentimita 80 ukiupima toka ncha ya mbele hadi ncha ya nyuma. Ikiwa magurudumu yamekaribiana mbele kwa milimita 8 kuliko nyuma, hiyo ni sehemu 1 kwa 100. Maana yake kila kilomita 1 unayokwenda, mipira miwili inataka kukaribiana kwa mita 10, nayo haiwezi, kwa kuwa tairodi imeizuia. Basi yakwaruzwa kwa ubavu, kila mmoja mita 5. Katika kilomita 100 kila mpira umekwaruzwa nusu kilomita kwa ubavu, kama mtu aliyeshika kiatu na kukisugua juu ya jiwe. Ndipo wenye gari hulalamika kwamba mipira ya siku hizi ni ya bandia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitaeleza kwa Land Rover za zamani, zile za Series. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na Series III ya mwisho ilitengenezwa mwaka 1985. Wako watu mijini wanaozifuga kama vitu vya fahari. Hapa kwetu zabeba mbuzi, na kanuni ya kuzifungua ni ile ile.

Simamisha gari mahali pa tambarare, pagumu. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Breki ya mkono ya Land Rover hizi hushika shafti ya nyuma na si magurudumu yenyewe, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Inua mbele, kisha weka stendi ya chuma au kigogo kinene cha mti chini ya ekseli. Jeki ni ya kuinulia tu. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki, hata kwa dakika moja, hata kama ni kuokota spana.

Jioni ya kabla ya kazi, safisha hesi, yaani ile mistari ya kuzungushia, kwa brashi ya waya, umiminie mafuta ya kulainisha kutu, uache mpaka asubuhi. Kisha, kabla ya kulegeza chochote, pima. Hapa ndipo vijana wa gereji hukosea kwa haraka. Pima urefu toka katikati ya mguu wa kichwa kimoja hadi katikati ya mguu wa kichwa cha pili, uandike. Chora alama ya rangi mahali kichwa kinapoingia katika chuma. Hesabu mistari ya hesi inayoonekana nje, uandike. Kazi hiyo ni ya dakika tano, nayo itakuokoa siku nzima.

Nyoosha miguu ya pini, uivute kwa koleo, uitupe. Usiiweke mfukoni kwamba itafaa tena. Legeza nati, lakini usiitoe yote. Iache imeshika mistari miwili mitatu, ili kichwa kikiruka kisikuangukie usoni. Utaona kwamba hata nati ikilegea, kichwa hakitoki, maana mguu umebanwa ndani ya tundu lake kama kizibo katika chupa. Wengi hapa huchukua nyundo na kupiga mguu wenyewe toka chini. Usifanye hivyo. Ncha yake itapanuka kama uyoga, nati isipite tena wala mguu usitoke. Kipo chombo cha kuvutia, nacho ndicho bora. Usipokuwa nacho, tumia nyundo mbili. Moja nzito iegemeze upande mmoja wa jicho la mkono wa gurudumu, yaani pale mguu unapopita, na kwa nyundo ya pili upige upande unaoelekea, pigo moja kali. Unalipiga jicho, hulipigi kichwa wala mguu. Jicho hujikunja kwa nukta moja, na mguu huruka wenyewe. Mara ya kwanza nilipoona jambo hilo nilidhani mzee amenifanyia mazingaombwe. Kuna na uma wa chuma wa kupigilia katikati. Huo hupasua kofia ya mpira, basi utumie tu ikiwa kichwa chenyewe kinakwenda kutupwa.

Legeza klampu iliyobana mwisho wa tairodi, kisha fungua kichwa kwa kukizungusha, ukihesabu kwa sauti mizunguko yote mpaka kitoke. Andika. Kumbuka kwamba mwisho mmoja wa tairodi una hesi ya kawaida, na mwisho wa pili una hesi ya kushoto, ifungukayo kwa kuzungushwa kinyume. Nimeona mtu mzima akining'inia kwenye spana ya bomba, akikaza badala ya kufungua, akimlaani fundi aliyemtangulia. Ukinunua kichwa kipya, chukua kile cha zamani uende nacho dukani, muwekwe sambamba, na utaje ni cha upande gani.

Ikiwa chuma chenyewe kimepinda, kitupe. Najua kuna watu watakaokitia motoni na kukinyoosha, au kukipiga weldi kilipopasuka. Moto huondoa ugumu wa chuma, na chuma kilichokwisha kupinda hakina ahadi. Katika gari lote hakuna mahali pabaya zaidi pa kufanyia uchumi.

Kichwa kipya kiingize kwa idadi ile ile ya mizunguko. Safisha mguu wake na tundu lake mpaka vikauke. Grisi ni ya ndani ya kikombe, haitakiwi kwenye mguu huo. Kaza nati kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari lako. Mguu ukizunguka pamoja na nati, kibane kichwa kutoka chini kwa jeki, uendelee kukaza. Nati ikiisha kukazwa, tazama kama tundu la mguu limeelekeana na pengo la nati. Kama bado, kaza mbele kidogo mpaka vikutane. Usirudishe nyuma kamwe ili kupata tundu. Kisha tia pini mpya ya unene unaostahili, uikunje miguu yake. Msumari hapana, waya hapana, tundu tupu hapana. Gari nyingine zina nati isiyotumia pini, yenye duara la plastiki ndani. Hiyo nayo ikiisha kufunguliwa hununuliwa nyingine.

Baada ya hapo bado hujamaliza, kwa sababu kuhesabu mizunguko hukurudisha karibu tu na mahali pa zamani. Yakupasa kusawazisha magurudumu. Mjini kuna mashine za kazi hiyo, na ukiweza kuzifikia, zitumie. Aliye Merti au Garba Tula anaweza kufika karibu sana kwa njia hii.

Magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa juu, zungusha kila moja huku umeegemeza msumari uliopigiliwa kwenye ubao katikati ya uso wa mpira, mpaka upate mstari mmoja mwembamba uliozunguka mpira wote. (Hapa msumari una kazi yake halali.) Teremsha gari, nyoosha usukani, lisukume mbele mita chache ili magurudumu yatulie. Sasa tia alama ya chaki kwenye mistari yote miwili, upande wa mbele, kwa kimo cha katikati ya gurudumu, na upime toka mstari hadi mstari. Lisukume gari mbele tena mpaka alama zile zifike nyuma, kwa kimo kile kile, upime mara ya pili. Usilirudishe gari nyuma wakati wa kupima. Ukipita alama, anza upya. Kwa Land Rover za Series, kipimo cha mbele chatakiwa kuwa kidogo kuliko cha nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4.

Lakini tazama sana hapa. Land Rover zilizofuata, zile za Defender ambazo magurudumu yote manne huvuta wakati wote, hutaka kinyume chake: kipimo cha mbele kiwe sawa na cha nyuma, au kikizidi kwa kiasi kisichopita milimita 2. Mtu asiyejua akiziona gari mbili zimesimama pamoja, zote za mraba, zote za kijani, atazipa kipimo kimoja na kuharibu mipira ya moja. Basi usiazime kipimo kwa jirani. Kila gari lina kitabu chake.

Kurekebisha ni kulegeza klampu zote mbili na kuizungusha tairodi yenyewe mahali ilipo. Kwa kuwa hesi za pande mbili ni kinyume, itarefuka au kufupika bila kutoa kichwa chochote. Ikiwa tairodi ya gari lako imekaa nyuma ya ekseli, kuirefusha hukaribisha magurudumu kwa mbele. Ikiwa imekaa mbele ya ekseli, kuirefusha huyaachanisha. Zungusha robo tu, sukuma gari, upime. Huenda ukarudia mara tatu au nne, na jua litakuchoma. Ukipata kipimo, weka vichwa vyote viwili vikae sawa katika vikombe vyake, kaza klampu, kisha geuza usukani mpaka mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, ukitazama kama bolti za klampu hazigusi kitu.

Wenye Probox msidhani nimewasahau. Gari hizo, kama gari ndogo nyingi za leo, hazina tairodi moja ndefu. Zina mbili fupi, kila upande moja, zinazosukumwa na chuma chenye meno kilicho katikati. Hata gari za mashindano za zamani zina mpango huo: Porsche 911, Ford Escort, na Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ambazo wapenzi wake wangali wakizipeleka katika mashindano ya Safari Classic yaliyoanza mwaka 2003. Mwenye Datsun ya namna hiyo na mwenye Probox ya abiria wa Meru wakilala chini ya magari yao watafanya kazi moja. Kichwa hutolewa kama nilivyoeleza. Badala ya klampu kuna nati ya kufungia. Ilegeze kiasi cha kuachilia kichwa tu, isogee kidogo mno, nayo itakuwa alama yako ya kurudia. Wakati wa kurekebisha, zungusha upande wa kushoto na wa kulia kwa kiasi kimoja, ama sivyo gari litakwenda sawa huku usukani umekaa upande. Legeza pia kibanio cha ile kofia ndefu ya mpira yenye mikunjo, isije ikasokotwa na kupasuka. Kichwa cha ndani, kilichofichwa na kofia hiyo, mwachie fundi.

Siku ya kwanza baada ya kazi nenda polepole, karibu na nyumbani, kisha lala tena chini utazame pini na klampu. Baada ya safari moja ya changarawe tazama tena.

Kikundi kile cha akina mama kilitengeneza Land Rover yao, na bado wapanda nayo kuja sokoni. Mama aliyevunjika mkono ndiye mweka hazina. Nilimweleza habari ya ule msumari, baada ya miezi miwili ya kuogopa. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Basi Mwalimu, siku za safari utakuwa ukitulalia chini ya gari wewe." Nami hufanya hivyo kila ninaposafiri nao. Chini ya kiti cha dereva wameweka kopo la maziwa ya unga lililojaa pini za kila unene, na daftari la shule lenye tarehe, urefu wa tairodi, idadi ya mizunguko, na vipimo viwili vya chaki. Ukurasa wa mwisho niliousoma ulisema: mbele pungufu milimita 2, pini mpya pande zote, mbuzi 19.